Tezi ndogo za shingo: picha kabla ya kupasuliwa

Nyuma ya tezi ya shingo, ile inayovimba na kuwa goita, kuna tezi nne ndogo sawa punje za mchele: paratiroidi. Zinapanga kiwango cha kalsiamu katika damu. Moja ikizidisha kazi, mifupa inalegea, mawe yanaingia kwenye figo.

Ugonjwa unajulikana kwa damu. Picha inamwonyesha munganga pa kupasua tu. Anaanza na ekografia, kama ya mama wajawazito. Lakini tezi ingine inajificha kifuani, skana ndiyo inaitafuta. Kapteni wa meli Charles Martell, wa Marekani, alipasuliwa mara sita bure. Ya saba, mwaka 1932, ilipatikana kifuani.

Kwa hiyo, mgonjwa wa Kamina anayetumwa mbali kwa skana aulize kwanza: kalsiamu na homoni ya paratiroidi zimepimwa?