Kutoka Kituoni hadi Hotelini: Historia Fupi ya Majina ya Malazi katika Njia ya Bara

Miaka michache iliyopita tuliwapeleka wanafunzi wetu wa mwaka wa pili, wanaosoma utalii pamoja na Kiswahili, katika ziara ya masomo mjini Mombasa. Tulifika usiku, tukakuta nyumba tuliyoahidiwa imejaa. Mwanafunzi mmoja, aliyekuwa ameongoza darasa katika mtihani wa msamiati, alijitolea kuulizia. Alimwamkia mzee mmoja kwa adabu, akamwomba amwonyeshe hoteli ya bei nafuu. Mzee kwa wema wake akatuongoza sote, na mizigo yetu, mpaka mahali penye meza sita, mabenchi na sufuria la pilau. Tulikula tukashiba, lakini hapakuwa na kitanda hata kimoja.

"Kumbe mwataka pa kulala!" mzee alishangaa. "Si mngesema lojingi, wanangu!"

Kosa lile lilikuwa letu sisi walimu. Tulikuwa tumempa mwanafunzi orodha yenye safu mbili, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na katika orodha hiyo kila nyumba inayompokea mgeni kwa malipo iliitwa hoteli. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi aina mbalimbali za malazi zilivyotokea katika njia itokayo pwani hadi kwetu Uganda, na kwa nini kila aina ina jina lake. Hoja yetu ni kwamba jina la malazi hueleza nyumba ilijengwa na nani na kwa ajili ya nani. Asiyeijua historia hiyo anaweza kuwa na msamiati mwingi na bado akakosa kitanda.

Kufikia, kutua na kuwekwa

Kabla malazi hayajawa biashara, mgeni alifikia kwa mwenyeji. Kitenzi hicho kingali hai, kwani mgeni akishuka mjini huulizwa, "Umefikia wapi?" Hata hivyo, ukarimu ulikuwa na mpaka wake. Methali isemayo "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" wengi huichukulia kama mzaha, lakini ndani yake mna kanuni ya uchumi: baada ya muda fulani mgeni hana budi kulipia chakula chake kwa kazi.

Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilileta mahitaji mapya. Msafara wenye mamia ya watu haukuweza kufikia kwa mwenyeji mmoja. Wapagazi walitua mizigo yao, na pale walipotua pakawa kituo. Walijenga vibanda vya nyasi, wakazungushia ua wa miiba, wakagawiwa posho. Msomaji wa Uganda atatabasamu hapa, maana kwetu posho ni ugali wenyewe, ilhali msafarani neno hilo lilikuwa na maana ya mgao wa chakula au wa bidhaa za kununulia chakula. Kwa watawala wa nchi waliyopitia, viongozi wa msafara walilipa hongo, yaani ushuru wa kuruhusiwa kupita. Leo hongo ni rushwa. Maneno ya safari, kama wasafiri wenyewe, hayakai mahali pamoja.

Matajiri wa misafara hawakulala vibandani. Huko Tabora wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga tembe, nyumba pana zenye mapaa bapa, na ndimo walimofikia wageni wao. David Livingstone alikaa katika tembe moja huko Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872. Hivyo, hata katika msafara mmoja palikuwa na malazi ya aina mbili: ya wenye mali na ya wenye mabega.

Buganda nako kulikuwa na utaratibu wake. John Hanning Speke alipofika katika mji wa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1862, alionyeshwa vibanda ambamo wageni wa mfalme huwekwa, wakiwemo wafanyabiashara Waarabu. Speke alikasirika, akadai apelekwe kasri moja kwa moja kama mtu wa cheo. Tukio hili linatufundisha mengi. Mgeni wa Kabaka hakuchagua chumba wala hakulipia usiku, aliwekwa. Pwani mgeni alifikia, msafarani alitua, na ikulu aliwekwa. Kitenzi kimoja kimoja kinatosha kutuonyesha nani alikuwa na mamlaka juu ya kitanda.

Reli na mlango wenye rangi

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Treni za mwanzo hazikuwa na behewa la chakula. Abiria wenye uwezo walishuka katika stesheni kama Voi wakala katika nyumba zilizoitwa dak bungalow. Jina hilo lilitoka Bara Hindi, ambako nyumba za namna hiyo zilijengwa kando ya njia za posta.

Baada ya reli zikaja hoteli kwa maana ya Kizungu. Norfolk ilifunguliwa Nairobi mwaka 1904, ikawa makao ya walowezi na wawindaji. Kwetu Uganda, shirika la reli lilijenga Hoteli ya Masindi mwaka 1923 kwa ajili ya abiria waliovuka Ziwa Kyoga kwa meli, wakaendelea kwa barabara kuelekea Butiaba kwenye Ziwa Albert. Masindi haikujengwa kwa sababu mji ulikuwa mkubwa. Ilijengwa kwa sababu hapo safari ilibadilisha chombo, na abiria alihitaji pa kulala. Ni kituo kile kile cha wapagazi, sasa kikiwa na shuka nyeupe.

Lakini shuka hizo hazikutandikwa kwa ajili ya kila mtu. Katika Kenya ya kikoloni Mwafrika aliingia katika hoteli kubwa kama mpishi, dobi au mhudumu, si kama mgeni. Ubaguzi huo ulianza kulegea miaka ya 1950. Je, msafiri Mwafrika alilala wapi? Alifikia kwa ndugu, au katika hosteli za misheni, au alipanga chumba. Katika mtaa wa Pumwani, Nairobi, ulioanzishwa mapema miaka ya 1920, wenye nyumba, wakiwemo wanawake wengi, walijipatia riziki kwa kupangisha vyumba. Hapo ndipo tunapokutana na kitenzi cha nne, kupanga, ambacho ndicho kitenzi cha biashara. Anayepanga analipa, na akilipa hafukuzwi kwa jembe.

Aidha, tunaona kwamba historia hii inasaidia kueleza yaliyotupata Mombasa. Msafiri asiyeruhusiwa kulala katika hoteli ya Wazungu alikuwa na hoteli yake, nayo ilikuwa chumba cha chai, maandazi na maharagwe. Huko Bara Hindi pia neno hilo hutumika sana kwa nyumba ya chakula, na Wahindi walishika sehemu kubwa ya biashara ndogo ndogo katika miji ya reli. Haielekei basi kwamba mzee wetu alikosea. Hoteli yake ni ya kale na ya halali kama ile ya watalii.

Hatuwezi kuacha njia hii bila kutaja Makindu, kati ya Nairobi na Mombasa. Hekalu la Masingasinga lililojengwa hapo mwaka 1926 huwapa wasafiri wa dini zote chakula na mahali pa kulala bila kuwatoza. Mgeni anayetaka huacha sadaka.

Malazi ya leo

Baada ya uhuru serikali nazo ziliingia katika biashara hii. Uganda Hotels Limited, kampuni ya umma, iliendesha hoteli katika miji mingi ya mikoani kabla ya nyingi kuuzwa kwa watu binafsi miaka ya 1990. Pembeni mwa hoteli hizo zilistawi nyumba ndogo ndogo, na hapa ndipo mwanafunzi anapohitaji uangalifu.

Tanzania nyumba ndogo ya kulala huitwa nyumba ya wageni katika maandishi rasmi, na gesti katika mazungumzo. Isiyo na leseni huitwa gesti bubu, kwa kuwa haijitangazi. Kenya utasikia lojingi. Kwetu Uganda vibao vya barabarani huandikwa "Lodge", na baadhi ya vyumba hivyo hupangishwa hata kwa saa. Ilhali katika mbuga za wanyama, neno hilo hilo, loji, lina maana ya nyumba ya kifahari inayolipiwa kwa dola. Msichana anayeshuka basi usiku akauliza loji bila kujua tofauti hiyo anaweza kujikuta mahali pa hatari. Hili halihusu alama za mtihani tu.

Hosteli nayo imebadilika. Zamani ilihusishwa na misheni na vyama vya vijana. Tangu Makerere ilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia miaka ya 1990, hosteli za watu binafsi zimeota kila upande wa kilima. Hizo zisichanganywe na bweni la shule, wala na dahalia, neno linalotumika zaidi Zanzibar.

Vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vya kuzipa hoteli nyota hutenganisha hoteli za mjini, hoteli za mapumziko, loji, kambi za mahema na fleti zenye huduma. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliazimia kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likakipitisha kuwa lugha rasmi nchini. Wahitimu wetu watakaa katika meza za mapokezi kutoka Kigali hadi Unguja. Wakimwambia mgeni neno lisilo lake, mgeni ndiye atakayelala nje.

Tufanye nini darasani?

Kwanza, tuache orodha ya safu mbili. Kila jina la malazi tulifundishe pamoja na maswali matatu: nani hulala hapo, hulipa vipi, na je, kuna chakula? Pili, tuanze na vitenzi. Mwanafunzi anayejua kufikia, kulala na kupanga ataokoka hata akisahau nomino zote, kwa kuwa "Naomba chumba cha kulala usiku mmoja" inaeleweka Mombasa, Mwanza na Bujumbura. Tatu, tumtume mwanafunzi akasome vibao vya mji wake mwenyewe, amwulize mwenye nyumba jina alilipata wapi, kisha aje atueleze.

Tangu safari ile sisi wenyewe tumeanza kufanya hivyo. Wanafunzi wetu wa Kinyarwanda wametuletea icumbi, lenye maana ya malazi, na wa Luganda wametuonyesha kwamba wooteeri yao nayo huuza matooke kuliko vitanda. Tunawaomba walimu na wanafunzi wanaosoma jarida hili watuletee maneno ya kwao. Na mkifika Mombasa usiku, ulizeni lojingi kwanza. Pilau mtaipata baadaye.