Kizibo, Waya na Dhamiri

Ndege ndogo iitwayo Piper Cub haina geji ya mafuta kama ile ya gari. Tangi liko mbele ya kioo cha rubani, na kifuniko chake kina tundu dogo ambamo unapita waya. Mwisho wa waya huo, ndani ya tangi, kuna kizibo kinachoelea juu ya petroli. Mafuta yakipungua kizibo hushuka, na waya nao huzama pamoja nacho. Rubani huutazama ule waya unavyozidi kuwa mfupi, akajua kwamba ni wakati wa kutafuta mahali pa kutua.

Niliuona waya huo nilipokuwa masomoni Pennsylvania, Marekani, kabla sijaanza kufundisha katika chuo cha theolojia. Mzee mmoja wa usharika ulionipokea, mgane na fundi bomba mstaafu, alikuwa amenunua Cub iliyoundwa mwaka 1946. Nakiri kwamba nilimhukumu moyoni. Kwetu ndege ndogo tunaijua kwa mambo mazito: daktari, mgonjwa, mmisionari. Wengi wenu mmesikia mahubirini habari za Nate Saint, rubani mmisionari aliyeuawa Ekuado pamoja na wenzake 4 mnamo Januari 1956. Ndege yake nayo ilikuwa Piper, ya aina nyingine. Lakini mzee wangu hakuwa akiruka kwenda kumhubiria mtu. Alizunguka nusu saa juu ya mashamba ya mahindi, akatua, akanywa kahawa. Nikasema, hii ni anasa ya wazee wa Kimarekani.

Ndipo aliponisimulia habari za ndege yake, nami nikaenda kuzisoma zaidi.

Historia yenyewe ilianza kwa msiba na kufilisika. Ndugu wawili wa ukoo wa Taylor, Gilbert na Gordon, walikuwa wakiunda ndege, na mwaka 1928 Gordon alikufa katika ajali ya ndege waliyoiunda wenyewe. Gilbert akahamishia kazi katika mji wa Bradford, Pennsylvania, mahali pa visima vya mafuta. Huko William T. Piper, mfanyabiashara wa mafuta, alikuwa miongoni mwa waliotia fedha zao. Kampuni ikafilisika, na Piper akainunua mali yake kwa dola 761. Hakumfukuza Taylor, alimwacha aendelee kubuni. Injini ya kwanza waliyoijaribu, yenye nguvu za farasi 20 tu, iliinua ndege kidogo kutoka ardhini ikashindwa kuendelea. Wakapata nyingine. Baadaye wawili hao walikosana wakaachana, kama inavyotokea hata makanisani. Machi 1937 moto ukateketeza kiwanda, nao wakahamia mji wa Lock Haven, katika jengo lililokuwa kiwanda cha hariri. Humo ndimo mwaka 1938 ilipotoka ile Cub ya rangi ya njano iitwayo J-3.

Piper aliamini kwamba mtu wa kawaida akiuziwa ndege rahisi, atajifunza kuirusha. Bei ikashuka hadi karibu dola 1,000. Ndege yenyewe ni mabomba ya chuma yaliyofunikwa kitambaa, ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na rubani akiwa peke yake hukaa kile cha nyuma ili uzito ulingane. Haina hata umeme: mtu husimama mbele akazungusha panga boi kwa mkono mpaka injini iwake. Hadi mwaka 1947 zilikuwa zimeundwa karibu 20,000.

Kati ya habari zote za Cub, nimekaa zaidi na moja. Alikuwepo kijana mweusi wa Pennsylvania, Charles Alfred Anderson, aliyezaliwa mwaka 1907. Alitamani kuwa rubani, lakini hakuna aliyetaka kumfundisha wala kumkodisha ndege, kwa sababu ya rangi yake. Basi akafanya jambo la ajabu: akakusanya akiba yake, akakopa kwa jamaa na marafiki, akanunua ndege yake mwenyewe iliyokwisha kutumika, kabla hajajua vizuri kuirusha. Mwaka 1929 akapata leseni. Miaka iliyofuata akawa mwalimu mkuu wa marubani weusi huko Tuskegee, Alabama, wakati ambapo wakubwa wengi walisema wazi kwamba mtu mweusi hana akili ya kurusha ndege. Machi 1941 Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alitembelea Tuskegee, akaomba Anderson amrushe. Walinzi wake walipinga. Yeye akaingia katika Cub, akaketi, wakaruka, wakarudi salama.

Sikuweza kuisoma habari hiyo haraka. Hotuba ngapi zingetosha kufanya kazi ya safari ile moja? Mama yule aliuweka mwili wake katika mikono ambayo wengine waliidharau. Na ndege iliyotumika ilikuwa hii ndogo ya kitambaa.

Kununua Cub leo si sawa na kununua gari kuukuu. Mnunuzi mwenye busara huanza na madaftari, ambamo kila fundi aliyeigusa ameandika alichofanya, tarehe na sahihi. Katika madaftari ya mzee wangu niliona mwandiko wa watu waliokufa kabla sijazaliwa. Kisha huangaliwa kitambaa, kwa maana jua hukiozesha polepole, na baada ya hapo ile mihimili inayoshikilia mabawa. Mihimili hiyo ni mabomba, na kutu yake huanzia ndani. Rangi ya nje inaweza kung'aa kama ya juzi huku chuma kimeliwa. Ndiyo maana serikali ya Marekani iliamuru mihimili ya zamani ipimwe kila baada ya miezi 24, isipokuwa ikibadilishwa kwa ile iliyozibwa isiingie maji. Mhubiri yeyote angeona mahubiri hapo, nami nitajizuia.

Mwaka 2004 Marekani ilitoa kanuni mpya ya ndege nyepesi za michezo, zenye viti visivyozidi viwili na uzito usiozidi kilo 600 wakati wa kuruka. Cub ilitosha humo. Wazee wengi walifurahi, kwa kuwa kanuni hiyo iliruhusu rubani kuruka bila cheti cha daktari wa marubani, akiwa na leseni ya gari tu. Lakini ilikuwa na fundo. Aliyeomba cheti akanyimwa hakuruhusiwa. Ambaye hakuwahi kunyimwa aliruhusiwa. Wapo walioelewa haraka: usipoomba hukataliwi. Hata hivyo kanuni ilimtaka kila rubani, kila anapotaka kuruka, ajihoji mwenyewe kama ana ugonjwa wowote wa kumzuia. Hakuna askari kwenye uwanja wa nyasi.

Sisi Walutheri tunapenda kumtaja Luther mbele ya baraza la Worms mwaka 1521 na dhamiri yake. Mara nyingi tunasahau kwamba alisema dhamiri hiyo ilikuwa mateka wa Neno la Mungu. Haikuwa ruhusa ya kujiamulia yanayotupendeza.

Asubuhi moja ya Septemba mzee alikuwa ameahidi kunirusha. Anga ilikuwa safi, upepo hakuna. Tukaisukuma Cub nje ya banda, akaangalia mafuta, akagusa kila kitu kama kawaida yake. Kisha akaketi kwenye gurudumu. "Mchungaji," akasema, "leo siruki. Nimeanzishiwa dawa mpya, na tangu jana kichwa hakijatulia." Nikamwambia kwamba ni dakika 20 tu, na kwamba anaonekana mzima. Akanitazama bila hasira. "Wewe ndiwe ungekaa mbele," akasema.

Tukairudisha bandani. Hakuruka tena. Majira ya kuchipua aliiuza kwa binti mmoja mwalimu wa shule, akampa madaftari yote pamoja na waya wa akiba wenye kizibo.

Ambalo sikumwambia siku ile ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na presha kwa miaka miwili, na vidonge nilivyopewa niliviacha. Nyumbani hakuna aliyejua, hata mke wangu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeendesha basi dogo la wanafunzi kwenda mkutano wa vijana, macho yakififia njiani mara mbili, nami nikaendelea kuimba nao. Walikuwa 14.

Jioni ile nilimpigia mke wangu simu. Kulikuwa usiku wa manane kwake, akapokea kwa hofu akidhani kuna msiba. Nikamwambia habari za presha, na za lile basi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza majina ya wale wanafunzi, mmoja mmoja.