Kisima na Mtunzaji Wake

Wazee wa Ugogo husimulia kwamba Dodoma ilipata jina lake kwa tembo aliyeshuka kunywa maji, akadidimia topeni. Hadithi hiyo yaifaa nchi ambayo mvua yake huanza Desemba na kukoma Aprili. Kiangazi kilipofika, wanawake walifukua mchanga wa mito mikavu, wakangoja maji yajikusanye.

Mwaka 1971 serikali ya Tanzania iliahidi kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji atapata maji safi karibu na nyumbani, nayo ikajitwika gharama. Ahadi ni deni. Mwaka ulifika, deni halikulipwa. Pampu nyingi zilisimama kwa kukosa mafuta, vipuri na fundi. Kisima kilikuwapo, mtunzaji hakuwapo.

Sheria ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Chini yake, vyombo vya wanajamii hukusanya ada ya maji na kutengeneza kinachoharibika.

Nzuguni, mashariki ya mji, imeingia mjini. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 nyumba ziliongezeka, na mamlaka ya maji ya mji, DUWASA, ikachimba visima virefu papo hapo.

Kijijini na mjini, basi, swali ni moja. Maji ya bure yalikauka kwa kukosa matunzo; maji ya ada yana mtunzaji, lakini asiye na senti atarudi mchangani. Historia itawapima watunzaji kwa mtu huyo.