Mwanya Nyuma ya Bati: Historia ya Kikinga Joto cha Jiko la Kuni na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya kikinga joto cha jiko la kuni nchini Marekani, kuanzia karne ya 18 hadi kanuni zinazoruhusu jiko kusogezwa karibu na ukuta unaoshika moto. Hoja yake ni kwamba uwezo wa kikinga hutokana hasa na mwanya wa hewa ulio nyuma yake. Kwa hiyo, maelekezo ya Kiswahili yanayotaja kikinga bila kuutaja mwanya huo yanaweza kumhatarisha msomaji.

1.0 Utangulizi

Jiko halihitaji kuugusa ukuta ili liuchome. Chuma kilichopata moto hutoa joto kwa mnururisho, na mbao zilizo karibu hulipokea siku baada ya siku. Mbao zikipashwa joto kwa muda mrefu hukauka, hubadilika polepole na kukaribia kuwa makaa, na hatimaye huweza kushika moto katika kiwango cha joto kilicho chini ya kile kinachowasha mbao mpya. Nyumba yaweza kukaa salama kwa majira kadhaa ya baridi, kisha ikaungua ilhali jiko halijasogezwa hata kidogo. Kwa kuwa hatari hii haionekani kwa macho, jamii huijua kwa njia ya maneno: onyo, kanuni na maelekezo ya ufungaji. Hapo ndipo mtafiti wa lugha anapohusika.

2.0 Kutoka Meko hadi Jiko la Chuma

Mnamo Februari 1735, Benjamin Franklin alichapisha katika gazeti lake la Pennsylvania Gazette barua kuhusu kuukinga mji wa Philadelphia dhidi ya moto. Alilaani meko yenye sakafu fupi pamoja na desturi ya kuyazungushia mapambo ya mbao za msonobari zilizojaa utomvu, akapendekeza sheria iingilie kati. Mwaka uliofuata alishiriki kuunda kikosi cha kujitolea cha kuzima moto, Union Fire Company. Mwaka 1752 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Philadelphia Contributionship, chama cha bima ya moto. Tangu mwanzo, basi, suala la moto na ukuta liliunganisha mwandishi, mzima moto na mtoa bima.

Franklin huyohuyo alibuni meko ya chuma na kuyaeleza katika kijitabu cha mwaka 1744. Katika karne ya 19 majiko ya chuma yalienea. Tofauti na meko ya matofali yaliyojengwa ndani ya ukuta, jiko lilisimama chumbani na kutoa joto pande zote, huku nyumba nyingi zikiwa za mbao. Wenye nyumba walijikinga kwa kupigilia bati, na baadaye ubao wa asbesto, ukutani nyuma ya jiko. Kinga hiyo ilileta utulivu wa moyo kuliko usalama: bati lililogandamana na ukuta hupata joto na kulipitisha moja kwa moja kwenye mbao.

3.0 Kutoka Mazoea hadi Kipimo

Mabadiliko yalichochewa na biashara ya bima. Maabara ya Underwriters Laboratories ilianzishwa Chicago mwaka 1894, na chama cha kitaifa cha kinga dhidi ya moto, NFPA, mwaka 1896. Mwaka 1943 maabara hiyo ilichapisha ripoti ya utafiti kuhusu umbali na vikinga vya vyombo vya kupasha joto. Baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973, familia nyingi za Marekani zilirudia kuni, na maswali ya zamani yakarudi nazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, taasisi ya taifa ya viwango ililichunguza upya suala hilo.

Kanuni iliyokomaa katika kiwango cha NFPA 211 inaeleweka kwa tarakimu chache. Jiko la mnururisho ambalo halikupimwa na maabara huwekwa umbali wa inchi 36, yaani takriban milimita 914, kutoka ukuta unaoshika moto. Ukuta ukikingwa kwa matofali yenye unene wa inchi 3.5 yasiyo na mwanya nyuma yake, umbali huo hupungua hadi inchi 24 tu. Lakini ukikingwa kwa bati lenye unene wa takriban milimita 0.6, lililotengwa na ukuta kwa inchi moja ya hewa inayopita, umbali hushuka hadi inchi 12. Bati jembamba linalipita tofali nene kwa sababu hewa baridi huingia chini ya bati, hupata joto, hupanda na kutokea juu ikiwa imelibeba joto ambalo lingeufikia ukuta. Ukiziba chini au juu, mkondo huo hukatika. Vishikizo vya bati navyo lazima viwe vya kitu kisichoungua, wala visiwekwe moja kwa moja nyuma ya jiko.

4.0 Tatizo la Istilahi

Neno *kikinga* linatokana na kitenzi *-kinga* na limeundwa katika ngeli ya vifaa. Kwa umbo lake, linaupa uwezo wote ule mwili wa kifaa: bati lenyewe. Msomaji anayeambiwa afunge kikinga ukutani ana haki ya kulipigilia bati kwenye mbao, kama walivyofanya watu wa karne ya 19. Neno *nafasi* nalo hubeba mambo mawili tofauti: umbali kati ya jiko na ukuta, na uwazi kati ya bati na ukuta. Cha kwanza hupimwa ili kipunguzwe. Cha pili hakipunguzwi kamwe.

Makala inapendekeza *umbali salama* kwa maana ya kwanza na *mwanya wa hewa* kwa maana ya pili, na kwamba *kikinga* kisitajwe katika maelekezo bila mwanya wake na kipimo chake.

Suala hili lina watu wake. Wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo wamehamia jimbo la Maine, ambako baridi ni kali na jiko la kuni ni chombo cha kawaida. Katika Afrika Mashariki, juhudi za majiko banifu tangu miaka ya 1980, likiwamo jiko la kauri la Kenya, zimezungumzia zaidi kuokoa nishati na kupunguza moshi. Msamiati wa jiko na ukuta umebaki nyuma.

5.0 Hitimisho

Ilichukua zaidi ya karne mbili kutoka onyo la Franklin hadi kipimo cha inchi moja ya hewa. Washauri wa sera wanaoagiza tafsiri za viwango vya usalama wadai mambo matatu katika kila andiko: umbali salama kwa milimita, upana wa mwanya wa hewa, na agizo la wazi kwamba mwanya huo uachwe wazi chini na juu. Fundi ataweza kukifuata kile tu ambacho lugha imekitaja.