Kutoka Merikani hadi Mitumba: Nani Hulipia Nguo Inayovuka Busia?

Robota la nguo kuukuu hubadilika jina likivuka mpaka wa Busia. Upande wa Kenya ni mitumba. Upande wa Uganda ni mivumba. Mwenye robota atakueleza mengi kulihusu: limeshushwa bandari ya Mombasa, limenunuliwa kwa bei gani, ndani mna nguo ngapi za kuchagua kwanza na ngapi za kutupa. Asichoweza kukueleza ni nani aliyelishona shati lililomo ndani yake mara ya kwanza, na alilipwa nini. Hilo si kosa lake, maana hakuna aliyemwambia. Lakini kutojua huko ni kwa zamani sana katika eneo hili. Kwa karne moja na nusu, nguo nyingi zilizofika Busia na Tororo zimekuwa rahisi kwa sababu sehemu ya gharama yake ililipwa na mtu aliye mbali, asiyeonekana na mnunuzi. Nadai zaidi ya hapo: mtu huyo alipopata nafuu, mara nyingi ni kwa kuwa kuna waliokataa kuendelea kutomwona.

Tuanze na merikani. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Zanzibar alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na meli kutoka Salem, Massachusetts, zikazidi kushusha Unguja kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kigumu, kinachostahimili kufuliwa. Watu wa pwani walikiita kwa jina la kilikotoka. Bara kikawa fedha: kwa merikani msafara ulilipa hongo ya njia, ulinunua chakula, ulinunua pembe za ndovu. Misafara ya Mombasa ilifika Kwa Sundu, makao ya Wanga ambayo baadaye yaliitwa Mumias, si mbali na Busia ya leo, na Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883 alifuata njia ambayo Waswahili walikuwa wamekwisha kuikanyaga. Baadhi ya misafara hiyo haikuishia kwenye pembe. Ilirudi pwani na watu. Sasa itazame nguo yenyewe. Viwanda vya Massachusetts vilifuma pamba iliyochumwa na watumwa weusi wa majimbo ya kusini ya Marekani. Kwa hiyo mtu wa Wanga aliyejifunga merikani alijifunga jasho la Mwafrika ambaye yeye mwenyewe, au mababu zake, walivushwa Atlantiki kwa minyororo. Na doti za kitambaa hichohicho ziliweza kutolewa kumnunua Mwafrika mwingine ili apelekwe pwani. Mtumwa wa upande mmoja wa dunia alitengeneza bei ya mtumwa wa upande mwingine, na hakuna aliyekuwa na njia ya kujua habari za mwenzake. Vita vya Marekani vilipozuka mwaka 1861 pamba hiyo ikaadimika, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua soko. Jina halikuondoka. Hata leo kitambaa cheupe cha bei ya chini huitwa amerikani Uganda, na wapo wengi Kenya wanaolijua jina hilo.

Karne ya 20 ilimleta mtu yule asiyeonekana karibu zaidi: akawa mkulima wa hapahapa. Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya jirani, ambayo baadaye iliitwa Kenya, na kutoka hapo ukazaliwa mpaka uliowagawa Wateso na Wasamia. Mwaka huohuo wenye viwanda wa Uingereza waliunda chama cha kukuza pamba katika makoloni, ili Lancashire isiitegemee tena Marekani. Mwaka 1903 mbegu zikaletwa Uganda kwa juhudi za Kristen Borup wa misheni ya CMS na Kampuni ya Uganda. Mashariki mwa Uganda iliyobaki, ambako jemadari Semei Kakungulu na maajenti wake wa Kiganda walikuwa wamekwisha kusimika utawala, pamba iliingia mkono kwa mkono na kodi. Kodi ilidaiwa kwa fedha, fedha ilipatikana kwa pamba, na chifu ndiye aliyehakikisha kwamba shamba limelimwa. Kanuni za mwaka 1908, chini ya Gavana Hesketh Bell, zilikwenda mbali zaidi: serikali ndiyo iliyoamua mbegu ipandwe ipi, na mashine za kuchambulia kwa mkono zikapigwa marufuku.

Sitauita mfumo huo utumwa. Mkulima alilala nyumbani kwake na alipata fedha kidogo mkononi. Lakini hakuwa na nafasi ya kukataa, wala bei hakuipanga yeye. Reli ilipofika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, pamba yake ilishuka Mombasa ikiwa marobota, na alichokiona kikirudi ni nguo ya dukani iliyofumwa ng'ambo. Aliyevaa nguo ya pamba hiyo Manchester au Bombay hakuwahi kusikia neno Bukedi, jina la wilaya ya mkulima huyo. Januari 1960 mambo yalilipuka: watu wa Bukedi, wilaya ambayo makao yake yalikuwa Tororo, waliinuka dhidi ya kodi na machifu, watu wakafa, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuunda tume ya uchunguzi. Kilichoandikwa kwenye vitabu ni ghasia za kodi. Mimi naziona pia kuwa sura mojawapo ya historia ya nguo ya bei rahisi, kwa kuwa kodi hiyo na pamba hiyo havikuwahi kutengana.

Kulikuwa na kipindi kifupi ambapo umbali ulipungua kweli. Kiwanda cha Nyanza Textile kilifunguliwa Jinja miaka ya 1950, Mbale ikapata kiwanda chake, Kisumu ikapata KICOMI. Mtu wa Tororo aliweza kununua khanga au shuka iliyotoka kwenye pamba ya jirani yake na kufumwa na binti wa mtu anayemfahamu. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kulivunja biashara ya kuchambua pamba Uganda, na milango ilipofunguliwa miaka ya 1990 viwanda vya pande zote mbili viliporomoka mbele ya mitumba. Busia yenyewe ilijipatia riziki kwenye safari hizo za kuvuka. Neno boda boda lilizaliwa hapo, kwa waendesha baiskeli waliobeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha, na hadi leo watu wenye ulemavu huvusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu.

Lakini si bidhaa tu zinazovushwa mpaka huu; huvushwa pia watu. Kuna atakayesema: hayo ni ya nguo, biashara haramu ya binadamu ni jambo jingine. Anayevushwa Busia usiku kwa njia za panya ni msichana anayepelekwa kuwa mtumishi wa nyumbani, hashoni mashati. Ni kweli, na si busara kulichanganya kila ovu na jingine. Wasichana wa Karamoja wamekuwa wakichukuliwa kwenda kufanyishwa kazi Kampala na Nairobi. Uganda ilipozuia watumishi wa nyumbani kwenda Saudia mwanzoni mwa mwaka 2016, mawakala walihamishia safari Kenya, wakiwapitisha watu kwenye mpaka huu. Lakini kinachowawezesha mawakala hao ndicho kile kile kilichoiwezesha merikani: mnunuzi wa kazi anataka bei ya chini, na mtoa kazi yuko mbali na wale ambao wangemtetea. Shirika la Kazi Duniani na wenzake walikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi ya kulazimishwa, majumbani, mashambani, migodini na viwandani. Anayejizoeza kutouliza juu ya shati atauliza juu ya yaya kwa sababu gani?

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini. Mama mwenye watoto wanne hawezi kuchagua nguo kwa dhamiri; anachagua kwa bei. Simlaumu, na siamini kuwa nguo ya haki ni ile yenye lebo ya gharama iliyouzwa Ulaya. Wala simo katika kundi la wanaotaka mitumba ipigwe marufuku. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijaribu mwaka 2016 kupanga kuiondoa. Marekani ikatishia kuzifungia nchi hizo masoko ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, nchi nyingine zikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikaondolewa nafuu ya ushuru kwa nguo zake mwaka 2018. Agosti 2023 Rais Museveni, akiwa Mbale, alitangaza tena kuizuia mitumba. Marufuku ingempiga kwanza mchuuzi, tena mara nyingi mwanamke, na nafasi ya bidhaa zake ingejazwa na nguo mpya za bei ya kutupa, ambazo ndizo zenye maswali mazito zaidi. Shati la mitumba limekwisha kushonwa. Kulivaa mara ya pili hakumwagizi mtu yeyote kazi mpya. Shati jipya ndilo linaloagiza.

Wengine wanahofia kuwa wanunuzi wakisumbua, kiwanda hufungwa na mfanyakazi hubaki na njaa. Historia inaonyesha kwamba hutegemea wanasumbua vipi. Uingereza, mwaka 1791, maelfu ya familia ziliacha sukari ya watumwa, na ingawa sheria ilichukua miaka mingi, suala halikuzikwa tena. Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka Bangladesh mwaka 2013 na kuua watu 1,134, kelele za wanunuzi zilizaa makubaliano ya usalama yaliyowabana wenye chapa, na viwanda viliendelea kufanya kazi. Uzbekistan ililazimisha raia wake kuchuma pamba hadi zaidi ya chapa 300 zilipoapa kutoitumia. Mwaka 2022, baada ya kuthibitika kuwa shuruti ya serikali imekoma, ususiaji huo ukaondolewa. Hapa kwetu, wasichana wa kiwanda cha AGOA kilichokuwa Bugolobi, Kampala, waligoma mwaka 2003 na mamia wakafukuzwa. Kuwa karibu, basi, hakuleti haki peke yake. Ila wasichana wale walikuwa na sauti, na taifa zima liliisikia kwa lugha linayoielewa.

Sheria dhidi ya biashara haramu ya binadamu ziko. Ya Uganda ni ya mwaka 2009. Ya Kenya, ya mwaka 2010, inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, na hiyo faini ni mlango ulioachwa wazi kwa mwenye fedha. Sheria humshika anayekamatwa mpakani, haimfikii mnunuzi.

Kwa hiyo ombi langu siwapelekei wanaonunua shati moja moja. Nalipeleka kwa wanaonunua kwa jumla: wakuu wa shule za Busia na Tororo, kamati za wazazi, makanisa yanayoshonesha majoho ya kwaya, hospitali, kampuni za ulinzi. Kitambaa cha sare kinafumwa Jinja, na Eldoret kiwanda cha Rivatex kilizinduliwa upya mwaka 2019. Kote huko basi la asubuhi hufika mapema. Kabla ya kutia saini oda ijayo, tumeni watu wawili wakaone kinachofanyika ndani, wakutane na washonaji bila msimamizi kuwepo, waulize mshahara, saa za kazi na nani anashika vitambulisho vyao. Majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, wazazi wayasome kabla ya kulipa.