Elektroni Isiyo na Mwenzake

Wataalamu wa kemia wa mwisho wa karne ya 19 walikuwa na kanuni moja waliyoitegemea sana: kwamba kila atomu ya kaboni ina mikono minne, na kwamba mikono hiyo yote lazima iwe imeshika kitu. Neno radikali walilitumia, lakini kwa maana ya fungu la atomu ambalo huhama pamoja kutoka molekuli moja hadi nyingine, mfano wa mzizi wa neno unaobaki ule ule huku viambishi vikibadilika. Kama vile mzizi hausemwi peke yake, ndivyo ilivyodhaniwa kwamba radikali nayo haiwezi kutembea peke yake.

Mwaka 1900 Moses Gomberg, mzaliwa wa Ukraine aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan, alikuwa akijaribu kuunda molekuli moja kubwa ya kaboni. Alichopata kilikuwa kitu kingine: maji ya manjano yenye pupa ya oksijeni, ambayo yakiachwa wazi hewani hupoteza rangi yake na kutoa unga mweupe. Gomberg akakata shauri kwamba mle ndani mna kaboni iliyoshika kwa mikono mitatu tu, na wa nne mtupu. Wengi walimbishia, na ubishi huo haukuwa wa inda, kwa kuwa ushahidi wake ulitokana na matendo ya kitu, wala si kitu chenyewe. Miaka 29 baadaye, huko Berlin, Friedrich Paneth na Wilhelm Hofeditz walipitisha mvuke wenye madini ya risasi katika bomba la kioo, wakalipasha moto mahali pamoja, na hapo risasi ikajipaka kama utando unaong'aa. Kisha walipasha moto mahali pengine, nyuma kidogo ya pale pa kwanza. Utando mpya ukatokea huko, na ule wa kwanza ukaanza kuliwa hata ukatoweka. Bila shaka kitu kisichoonekana kilikuwa kimesafiri ndani ya bomba na kuumaliza. Ushahidi huu ulikuwa mzuri mno, lakini nao pia ulikuwa wa nyayo, mnyama mwenyewe hakuonekana.

Wakati huo huo radikali zilikuwa zikifanya kazi viwandani. Mwezi wa Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, gesi ya ethilini iliyobanwa kwa nguvu kubwa ilikutwa imeacha kitu cheupe kama nta. Hiyo ndiyo polithini ya kwanza ya aina hiyo. Ilichukua zaidi ya miaka miwili kuipata tena kwa uhakika, na baadaye ikafahamika kwamba oksijeni kidogo iliyoingia kwa bahati ndiyo iliyouanzisha mnyororo. Mwendo wake ni kama watoto wanaoshikana mikono katika mchezo: radikali humshika jirani mmoja, na huyo jirani akiisha kushikwa hubakiwa na mkono mmoja mtupu, naye humshika mwingine, hata mnyororo ukawa na maelfu ya viungo. Wa mwisho daima ndiye mwenye mkono mtupu. Nadharia hii ilisimama imara katika miaka ya 1930, na hesabu zake zililingana na mambo ya viwandani, ingawa hapakuwa na mtu aliyekuwa ameiona radikali yenyewe ikiwa kazini.

Njia ya kuitambua ilitoka katika elimu ya sumaku. Mwaka 1925 George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, vijana wawili wa Leiden, walitoa shauri kwamba kila elektroni ina mzunguko wake, na kwa hiyo ni sumaku ndogo mno. Katika molekuli za kawaida elektroni hukaa mbili mbili, moja ikielekea huku na nyingine kule, na nguvu zao hufutana. Mkono mtupu wa radikali si kitu kingine ila elektroni iliyokosa mwenzake. Sumaku yake haina wa kuifuta. Ikitiwa katikati ya ncha za sumaku kubwa, itakuwa na hali mbili tu, ya juu na ya chini. Na mawimbi ya redio yenye kipimo kinacholingana sawasawa na tofauti ya hali hizo yakipitishwa hapo, elektroni itayanywa kiasi kidogo. Huo ndio mwitiko wa sumaku. Elektroni zilizo mbili mbili hazijibu neno.

Aliyeupata mwitiko huo kwanza ni Yevgeny Zavoisky wa Kazan, mji wa kando ya mto Volga. Mwaka 1941 yeye na wenzake Semyon Altshuler na Boris Kozyrev walikuwa wakitafuta jambo lililo gumu zaidi, yaani mwitiko wa viini vya atomu. Mara ulitokea, mara ukapotea, kwa kuwa sumaku yao ilikuwa duni. Mwezi wa Juni vita vikaingia nchini mwao. Altshuler akaenda vitani, na mji ukajaa wataalamu na taasisi zilizohamishwa kutoka Moscow na Leningrad. Zavoisky aliporudia majaribio hakurudi kwenye viini. Alizigeukia elektroni, ambazo sumaku ya kila moja hupita ile ya kiini cha hidrojeni kwa zaidi ya mara 600, na kwa hiyo huvumilia vyombo dhaifu. Mwaka 1944 chumvi za shaba na za manganisi zilimwitikia. Wakubwa wa Moscow hawakusadiki upesi. Ilimlazimu kwenda kukiunda chombo chake upya katika taasisi ya Pyotr Kapitza mbele ya macho yao, na mwanzoni mwa mwaka 1945 akaitetea tasnifu yake.

Mwaka 1952 tuzo ya Nobel ilipewa Felix Bloch na Edward Purcell kwa mwitiko wa viini, ule ule uliomponyoka Zavoisky mwaka 1941. Kwa ule wa elektroni yeye hakuipata kamwe. Nchi yake ilimtunukia Tuzo ya Lenin mwaka 1957, lakini miaka kumi kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuhamishiwa katika kazi za siri za nyuklia, na alikufa mwaka 1976 bila kurudi kuwa mtu wa chombo alichokivumbua. Watu huitaja sana tuzo aliyoikosa. Yumkini kutengwa na kazi yake kulikuwa hasara kubwa zaidi.

Vita vilivyomvurugia Zavoisky viliwafaa wengine. Vilipokwisha, maabara za Uingereza na Marekani zilirithi vifaa vya rada, na mawimbi ya rada yenye urefu wa sentimeta 3 ndiyo hasa yaliyofaa kwa kazi hii. Nyaya za rada wakati wa vita zilikuwa zimevishwa polithini. Hivyo zao la radikali lilisaidia kukamilisha chombo ambacho baadaye kilitumika kuzipeleleza radikali.

Hata hivyo ilikuwa taabu kuzikamata. Katika polima inayokua ndani ya kimiminiko radikali huwa chache mno, maana kila mbili zikikutana hushikana na kuisha. George Fraenkel na wenzake wawili walitumia hila mwaka 1954: walichagua polima inayoganda kama ute mzito, ili minyororo inase mahali pake isiweze kukutana, na ndani ya ute huo mwitiko ukaonekana. Zaidi ya hayo, mwitiko haukuja kama mstari mmoja. Viini vya hidrojeni vilivyo jirani huugawa, na hesabu ya mistari hueleza elektroni iko wapi na majirani zake ni wangapi. Radikali ya methili, kwa mfano, hutoa mistari 4. Polima ile ngumu inayotumika badala ya vioo vya madirisha, iitwayo Perspex, ilitoa mistari 9, mitano yenye nguvu na minne dhaifu. Wengine walishikilia kwamba hizo ni radikali mbili tofauti zilizochanganyika. Mabishano yakaendelea kwa miaka mingi, hata ikakubaliwa kwamba radikali ni moja tu, ila huganda ikiwa imejipinda kwa namna zinazotofautiana kidogo. Mistari haikukosea, waliokosea ni wasomaji wake.

Kosa la namna hiyo lilikuwa zito zaidi katika vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia bila vyenyewe kumalizika. Mwaka 1951 Paul Hogan na Robert Banks wa kampuni ya Phillips, huko Oklahoma, walivumbua kwamba kromi iliyotandazwa juu ya oksidi za silikoni na alumini huunganisha ethilini kuwa polithini ngumu. Kichocheo hicho kingali kikitumika viwandani. Kilipotiwa katika sumaku kilitoa mstari mmoja mwembamba, mkali, mzuri wa kutazama: mstari wa kromi iliyopoteza elektroni tano na kubakiwa na moja isiyo na mwenzake. Katika miaka ya 1960 wengi wakasema kwamba huyu ndiye mfanyakazi aliyekuwa akitafutwa. Lakini kromi iliyopoteza elektroni sita haina elektroni pweke, kwa hiyo haijibu kitu. Na ile iliyopoteza mbili, ingawa inazo, kwa kawaida haisikiki katika chombo cha namna hiyo. Kati ya kromi yote iliyomo, ile yenye mstari mkali ni sehemu tu, na sehemu ifanyayo kazi nayo ni ndogo. Hapana sharti kwamba sehemu hizo mbili ni moja. Mzozo huo haujamalizika hata leo. Vivyo hivyo katika vichocheo vya titani vilivyotokana na kazi ya Karl Ziegler na Giulio Natta, titani zilizosongamana huzibana sauti zao zenyewe, na chombo huhesabu zile zilizokaa mbalimbali tu.

Jambo hili lina uzito hata nje ya maabara. Tangu mwaka 1962, John Charnley wa Uingereza alipoanza kutumia polithini ya minyororo mirefu mno katika nyonga za bandia, wagonjwa wengi sana wamewekewa nyonga na magoti ya namna hiyo. Kwa miaka mingi vipande hivyo viliuawa vijidudu kwa miale ya gama huku vikiwa katika hewa ya kawaida. Miale ile huivunja minyororo na kuacha radikali, na zile zilizozama ndani ya fuwele za polima huweza kuishi kwa miaka. Chombo cha Zavoisky huzionyesha waziwazi. Oksijeni huingia polepole, radikali hubadilika, na mwitiko hufifia. Anayetazama mwitiko tu angedhani hatari imekwisha. La, sehemu ya radikali hizo imekwisha kuwa hidroperoksidi, ambazo elektroni zake ni mbili mbili na haziitiki, nazo huja kuvunjika baadaye na kuzaa radikali nyingine, hata polima ikawa kavu na yenye kupasuka. Katika miaka ya 1990 watengenezaji walianza kuacha kutumia miale hiyo mbele ya hewa. Wengine wakaiyeyusha polima baada ya kuipiga miale ili radikali zikutane na kuisha, na wengine baadaye wakaichanganya na vitamini E. Na wachunguzi wanaopima vipande hivyo sasa huweka kando ya chombo cha sumaku kipimo cha pili, cha miale ya infraredi, ambacho hutambua oksijeni iliyokwisha kufungwa ndani ya polima.