Upitishivu joto wa miamba ya kina kirefu

Majedwali ya fizikia huipa itale namba moja: wati 3 hivi kwa mita kwa kelvini. Namba hiyo ni ya jiwe lililopimwa mezani, katika halijoto ya chumba. Kilomita 20 chini ya mabara, ambako halijoto huweza kufikia nyuzi 500 za Selsiasi, jiwe hilohilo hupitisha joto kwa shida zaidi.

Kwa kuwa namba hiyo hueleza tabia ya jiwe, si tendo, nasimama na neno upitishivu joto, si upitishaji joto. Upitishaji ni tendo: joto linatoka penye moto kwenda penye baridi, mwamba wenyewe usisogee. Upitishivu ni tabia ya mwamba, kama usikivu ulivyo tabia ya msikivu. Joseph Fourier, katika kitabu chake cha 1822, aliipa tabia hiyo kipimo chake: ukiizidisha kwa mteremko wa halijoto, unapata mtiririko wa joto.

Ndani ya madini, joto husafiri kwa mitikisiko ya atomu zilizojipanga kwa utaratibu. Wanafizikia huihesabu mitikisiko hiyo kwa vipande viitwavyo fononi. Halijoto ikipanda, fononi huwa nyingi, hugongana mara kwa mara, na kila moja huenda umbali mfupi kabla ya kupotoshwa. Kwatzi, mpitishaji hodari ikiwa baridi, ndiyo inayopoteza sana. Kioo cha volkeno, ambacho atomu zake hazina mpango tangu mwanzo, hubadilika kidogo tu. Shinikizo la kina huongeza upitishivu, lakini halifidii kilichopotea.

Kuna istilahi ya pili isiyopaswa kuchanganywa na hii: usambaaji joto, yaani upitishivu ukigawanywa kwa densiti na kwa uwezo wa kila kilo kubeba joto. Mwamba ukiwa wa moto, uwezo huo huongezeka, hivyo usambaaji hushuka kuliko hata upitishivu. Mwaka 2009, Alan Whittington, Anne Hofmeister na Peter Nabelek walichapisha katika jarida la Nature vipimo vilivyofanywa kwa leza: mwale hupasha uso mmoja wa kipande chembamba cha mwamba, na joto linavyojitokeza upande wa pili husomwa bila kukigusa. Usambaaji, uliokuwa kati ya milimita za mraba 1.5 na 2.5 kwa sekunde, ulishuka ukakaribia 0.5, takriban nusu ya thamani iliyozoeleka katika hesabu za gamba la dunia.

Nusu hiyo ina uzito mkubwa. Gamba la chini lenye moto huzuia joto lisitoroke, na joto lililozuiwa huongeza uzuiaji. Chini ya Himalaya, ambako miamba husuguana bara la India linapojisukuma chini ya Asia, joto la msuguano linaweza kutosha kuyeyusha mwamba ukawa itale, bila kudai kiasi cha ajabu cha madini yenye mnururisho.